Somo la Tisa: Kila Sauti na Mlango Wake

Katika somo lililopita tulisoma jinsi ya kuandika kumbukumbu za mkutano. Leo tutasoma jinsi ya kuufanya mkutano wenyewe usikike.

Siku hizi mashine ya kupaza sauti si kitu kigeni vijijini. Utaikuta kwenye harusi na msibani. Utaikuta kwenye kwaya, kwenye ngoma, mnadani, na kwenye mkutano wa ushirika wa wakulima wa kakao au mpunga. Lakini kuwa na mashine ni jambo moja, na kuitumia vizuri ni jambo jingine. Mashine ikitumiwa vibaya hupaza kelele badala ya maneno.

Tutajifunza kifaa kimoja tu, nacho ni mikisa. Mikisa ni kisanduku chenye matundu na vitufe vingi. Kazi yake ni kupokea sauti kutoka vyombo mbalimbali, kuzichanganya, na kuzipeleka kwenye amplifaya na spika. Tutaangalia hasa matundu mawili: tundu la maiki na tundu la laini.

1. MKUTANO ULIOHARIBIKA

Miaka michache iliyopita mvua za masika zilinyesha sana katika kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hapa Kyela. Mto ulifurika. Maji yaliingia mashambani. Yaliingia vyooni. Kisha yaliingia na visimani.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano wa hadhara. Bwana afya alikuja kuzungumza. Watu walikuwa wengi, kwa hiyo tuliazima mikisa, amplifaya na spika mbili. Mimi ndiye niliyekabidhiwa mashine.

Kabla ya mkutano tulipiga muziki kwa simu ili kuwaita watu. Simu niliichomeka kwenye tundu la maiki. Muziki ulitoka kwa nguvu, lakini ulikuwa unakwaruza kama bati linaloburutwa. Maiki ya bwana afya niliichomeka kwenye tundu la laini, kwa sababu ndilo lililobaki wazi. Sauti yake ilitoka ndogo mno. Nikaongeza. Bado ndogo. Nikaongeza amplifaya mpaka mwisho. Hapo spika zikaanza kupiga mluzi. Ili kuuzima mluzi nikapunguza sauti nyembamba zote. Mluzi ukakoma, nami nikaridhika.

Bwana afya alisema, "Maji ya visima hivi msinywe bila kuchemsha."

Kesho yake asubuhi nilipita karibu na kisima. Nilimkuta mama mmoja wa makamo anateka maji.

– Shikamoo, mama.

– Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?

– Nimeamka salama, mama. Maji hayo ni ya kufulia?

– Ni ya kunywa. Si jana mlituambia tunywe?

– Hapana, mama. Tulisema msinywe mpaka myachemshe.

– Ah, mwalimu! Mimi nilikaa nyuma, pale penye mwembe. Nilisikia mnywe bila kuchemsha. Nikashangaa, lakini nikasema huenda wameyatia dawa. Sote tuliokaa kule tulisikia hivyo hivyo.

Mama yule aliyamwaga maji. Akasema, "Ndaga," yaani asante, akaenda zake. Siku ile nzima tulipita nyumba kwa nyumba tukilirudia tangazo kwa mdomo.

Ndugu mwanakisomo, hakuna aliyelala mkutanoni. Bwana afya hakukosea. Mama hakukosea. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeshika vitufe.

2. SILABI MOJA ILIYOPOTEA

Tazama maneno haya mawili:

mnywe
msinywe

Tofauti yake ni silabi moja tu, "si". Silabi hiyo ndogo hugeuza ruhusa kuwa katazo. Tazama na haya:

tuvuke – tusivuke
mpande – msipande
walipe – wasilipe

Katika Kiswahili, uhai wa mtu au fedha ya mkulima inaweza kukaa ndani ya silabi hiyo moja. Na sauti ya "s" ni nyembamba na dhaifu. Haina nguvu kama "a" au "o". Sauti ikikwaruza, "s" humezwa. Sauti nyembamba zikipunguzwa kwenye mashine, "s" huondoka nazo. Msikilizaji husikia "m...nywe", na akili yake hujaza pengo.

Kwa hiyo swali la mtu anayeshika mikisa si "Je, sauti ni kubwa?" Swali lake ni "Je, aliye nyuma kabisa anasikia kila silabi?"

3. SAUTI DHAIFU NA SAUTI YENYE NGUVU

Mtu anapozungumza, pumzi yake hutikisa hewa. Ndani ya maiki kuna utando mwembamba. Hewa ikitikisika, utando nao hutikisika, na maiki huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme. Lakini umeme huo ni mdogo sana. Igawe volti 1 katika sehemu 1,000. Maiki mara nyingi hutoa sehemu chache tu kati ya hizo.

Simu, redio, kinanda cha umeme au kompyuta ni tofauti. Vyombo hivi vina nguvu yake mwenyewe ndani. Sauti inayotoka humo imekwisha kukuzwa. Umeme wake huwa kiasi cha theluthi moja ya volti, na kwa vyombo vingine hufika volti 1 au zaidi. Sauti ya namna hii huitwa sauti ya laini.

Kwa hiyo sauti ya laini inaweza kuwa na nguvu mara mia, au hata mara mia kadhaa, kuliko sauti ya maiki.

Sasa utaelewa kwa nini mikisa ina milango miwili:

(a) Mlango wa maiki ni wa sauti dhaifu. Ndani yake kuna kikuzaji chenye nguvu. Hukuza sauti ndogo mara nyingi sana.

(b) Mlango wa laini ni wa sauti yenye nguvu. Ndani yake sauti hukuzwa kidogo tu.

Fikiri juu ya mtoto mchanga na mkulima anayetoka kuvuna mpunga. Mtoto hulishwa kwa kijiko. Mkulima hupakuliwa sahani. Ukimpa mtoto sahani ya mkulima atapaliwa. Ukimpa mkulima kijiko cha mtoto atabaki na njaa. Simu kwenye mlango wa maiki hupaliwa, na hilo ndilo kwaruzo tulilolisikia. Maiki kwenye mlango wa laini hubaki na njaa, na hiyo ndiyo sauti ndogo ya bwana afya.

4. KUSOMA MANENO YA MIKISA

Mikisa nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Usiogope. Wewe unajua herufi zote. Maneno ya muhimu ni machache, nayo ni haya:

MIC. Husomwa "maik". Ni tundu la maiki. Mara nyingi ni tundu la duara lenye vitundu vitatu vidogo ndani, vya kupokea waya wenye pini tatu.

LINE. Husomwa "lain". Ni tundu la laini. Mara nyingi ni tundu moja la duara la kupokea jeki kubwa.

GAIN. Husomwa "gein". Kwenye mikisa nyingine imeandikwa TRIM. Hiki ni kitufe cha kuzungusha, na kwa kawaida kiko juu kabisa. Kinaamua sauti ikuzwe kiasi gani inapoingia mlangoni.

PEAK. Husomwa "piik". Nyingine zimeandikwa CLIP. Ni taa ndogo nyekundu. Ikiwaka ina maana sauti imezidi na inaanza kukwaruza.

HIGH na LOW. Husomwa "hai" na "lou". HIGH ni kitufe cha sauti nyembamba. LOW ni kitufe cha sauti nzito.

LEVEL. Husomwa "levo". Ni kitufe cha chini. Kinaamua sauti ya chombo kimoja itoke kiasi gani. Kwenye mikisa nyingine hukizungushi, bali unakisukuma juu na chini.

MAIN. Husomwa "mein". Kinaamua sauti zote kwa pamoja zitoke kiasi gani.

+48V. Hiki ni kitufe cha kupeleka umeme wa volti 48 kwenye maiki. Maiki za aina fulani haziwezi kufanya kazi bila umeme huo. Maiki za kawaida za mkononi haziuhitaji. Kama hujui maiki yako ni ya aina gani, muulize aliyeiuza, na kwa sasa kiache kitufe hiki kimezimwa. Simu au kinanda kisichomekwe kamwe kwenye tundu la pini tatu wakati kitufe hiki kimewashwa. Kinaweza kuharibika.

Soma maneno haya mara tatu. Kisha funika kitabu uyaandike kwenye daftari.

5. MTO HUSAFISHWA KUTOKA JUU

Watu wengi huuliza, "Kama GAIN inaongeza sauti, na LEVEL inaongeza sauti, na MAIN inaongeza sauti, kwa nini viwe vitufe vitatu?"

Mto Kiwira hutoka juu milimani Rungwe, hushuka Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Mto ukichafuka kule juu, watu wa huku chini hupata maji ya tope. Wanaweza kuchota ndoo ndogo au ndoo kubwa. Tope ni lile lile.

Sauti ndani ya mikisa hupita namna hiyo hiyo. GAIN iko juu ya mto. LEVEL iko katikati. MAIN iko chini, karibu na ziwa. Sauti ikikwaruzwa kwenye GAIN, kuipunguza kwenye LEVEL au MAIN hakutaisafisha. Utapata kwaruzo dogo badala ya kwaruzo kubwa. Kadhalika, sauti ikiingia ndogo mno kwenye GAIN, ukiikuza huko chini utakuza pia mvumo wa mashine.

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu: rekebisha kwanza pale sauti inapoingilia.

6. HATUA KWA HATUA

Fuata hatua hizi kwa utaratibu. Usiruke hata moja.

Hatua ya 1. Shusha vitufe vyote vya GAIN, LEVEL na MAIN mpaka chini. Weka HIGH na LOW katikati.

Hatua ya 2. Unganisha nyaya wakati amplifaya imezimwa. Maiki iende MIC. Simu, redio au kinanda viende LINE. Safu moja ya mikisa huwa na tundu la MIC na la LINE pamoja. Tumia moja tu kati ya hayo mawili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3. Washa mikisa kwanza. Amplifaya iwashwe mwisho. Wakati wa kuzima fanya kinyume: zima amplifaya kwanza, mikisa mwisho. Usipofuata utaratibu huu spika zitapiga kishindo na zinaweza kupasuka.

Hatua ya 4. Mwombe msemaji azungumze kwenye maiki kwa nguvu ile ile atakayotumia mkutanoni. Ongeza GAIN polepole mpaka taa ya PEAK imemetuke. Hapo rudisha nyuma kidogo mpaka taa isiwake tena. Umemaliza mlango wa maiki.

Hatua ya 5. Pandisha LEVEL ya maiki mpaka kwenye alama ya 0. Kama alama hiyo haipo, iweke kiasi cha robo tatu.

Hatua ya 6. Pandisha MAIN polepole mpaka sauti iwafikie watu.

Hatua ya 7. Sasa simu. Weka sauti ya simu yenyewe kiasi cha robo tatu. GAIN ya safu ya simu iwe chini. Ongeza kidogo kidogo, ukiangalia taa ya PEAK kama ulivyofanya kwa maiki. Kisha pandisha LEVEL. Usisahau kuzima mtandao wa simu, la sivyo mtu akipiga, kijiji kizima kitasikia mlio.

Hatua ya 8. Mtume mtu mmoja aende nyuma kabisa, mpaka mwembe wa mwisho. Kisha fanya jaribio la silabi tutakalolieleza sasa hivi.

7. JARIBIO LA SILABI

Mtu anayenunua chungu cha Wakisi kwenye soko la Lyulilo, kule Matema, hukigonga kwa kidole. Akisikia mlio wa ufa hukiacha. Chungu hugongwa, lakini maiki haigongwi wala haipulizwi. Kuigonga na kuipuliza huumiza utando wake na kutikisa spika. Maiki huzungumziwa.

Wengi wetu tukijaribu maiki husema, "Haloo, haloo, moja, mbili, tatu." Maneno hayo hayatoshi. Hata yakisikika vibaya, kila mtu anayajua na kuyakisia.

Fanya hivi. Mtu aliye kwenye maiki asome maneno matano kutoka katika orodha hii, bila kufuata mpangilio:

mnywe, msinywe, tuvuke, tusivuke, mpande, msipande, walipe, wasilipe

Mtu aliye nyuma aandike kila neno analolisikia. Kisha arudi, mlinganishe. Kama ameandika yote matano sawasawa, mashine iko tayari. Kama amekosea hata moja, bado.

Ukikuta "s" haisikiki, kwanza mwambie msemaji aisogeze maiki karibu. Mdomo uwe umbali wa vidole vinne kutoka kwenye maiki. Kisha pandisha HIGH kidogo na kupunguza LOW kidogo. Kwa hotuba, sauti nzito haina kazi kubwa. Huleta ngurumo tu, hasa upepo wa ziwani unapovuma. Penye upepo vika kichwa cha maiki kofia ya sponji.

8. UKIONA HIVI, FANYA HIVI

Muziki wa simu unakwaruza. Tazama kama simu imeingia MIC. Ihamishie LINE. Kama iko LINE tayari, punguza GAIN.

Maiki inasikika kwa mbali mno. Tazama kama imeingia LINE. Maiki nyingi za bei ndogo huja na waya wenye jeki, na jeki huingia LINE kwa urahisi. Nunua waya wenye pini tatu, uipitishe maiki MIC.

Ngoma zinasikika, lakini sauti ya mwimbaji imepotea. Hili huwashangaza wengi. Tatizo liko kwenye waya wa simu. Jeki ndogo ya simu ina mistari miwili myeusi, kwa kuwa inabeba sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Waya ukiishia kwenye jeki moja kubwa yenye mistari miwili, ukachomekwa kwenye tundu moja la LINE, mikisa nyingi huzitoa sauti hizo mbili moja kwa nyingine. Kilicho sawa kushoto na kulia hufutika, na sauti ya mwimbaji huwa sawa pande zote mbili. Tumia waya unaoishia kwenye jeki kubwa mbili, kila moja yenye mstari mmoja. Moja iende tundu la L, nyingine tundu la R.

Spika zinapiga mluzi. Maiki inaisikia spika, spika inaitoa tena, maiki inaisikia tena. Ni duara lisilokwisha. Weka spika mbele ya msemaji, zikiwatazama watu, na maiki iwe nyuma ya spika. Mwambie msemaji asikifunike kichwa cha maiki kwa kiganja. Zima maiki zisizotumika. Ukishindwa, punguza MAIN. Usikimbilie kushusha HIGH mpaka chini. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi.

Kuna mvumo mzito usiokoma. Tenganisha waya wa maiki na waya wa umeme. Visilale pamoja. Waya wa maiki wenye pini tatu unaweza kwenda mbali, hata mita 30. Waya wa simu uwe mfupi, mita chache tu. Kwa hiyo weka simu karibu na mikisa.

Spika zenye amplifaya ndani zinakwaruza. Tazama nyuma ya spika. Nyingi zina swichi yenye maneno MIC na LINE. Sauti inayotoka kwenye mikisa ni sauti ya laini. Weka swichi kwenye LINE.

Jambo moja la hatari kwa mashine: waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika usirudishwe kamwe kwenye mikisa. Nguvu yake ni kubwa hata kuliko ya laini. Utaiunguza.

9. UMEME NA MVUA

Kyela hupata mvua nyingi. Miezi ya Machi na Aprili ndiyo mibaya zaidi kwa mashine za umeme, na ndiyo miezi tunayohitaji matangazo zaidi. Kwa hiyo tuwe waangalifu.

Weka mikisa na amplifaya juu ya meza, chini ya paa. Usiviweke juu ya ardhi yenye unyevu. Usiguse mashine kwa mikono iliyolowa au ukiwa pekupeku kwenye tope. Plagi yenye pini tatu isikatwe pini moja. Pini ile ya tatu hupeleka umeme unaovuja ardhini badala ya kuupitisha mwilini mwako. Na maiki imo mkononi mwa mtu, karibu na mdomo wake. Umeme ukivuja, wa kwanza kuumia ni msemaji.

Kukiwa na ngurumo na radi, zima mashine na kuchomoa plagi. Mkutano unaweza kungoja.

Mkitumia jenereta, iwasheni kwanza na kuiacha itulie. Ndipo mwashe mikisa, na amplifaya mwisho.

10. MASHINE NA MDOMO WA MTU

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vya kusikiliza redio. Matangazo yalitoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Lakini vikundi havikusikiliza tu. Vilikuwa na kijitabu cha kusoma na kiongozi wa kuongoza majadiliano. Baada ya hapo watu walichimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Neno lilisikika, likasomwa, likajadiliwa, kisha likafanyiwa kazi.

Tujifunze kutoka kwa wazee wetu hao. Tangazo la hatari lisitegemee mashine peke yake, wala silabi moja. Msemaji aseme kwa namna mbili. Kwanza akataze: "Ni marufuku kunywa maji haya." Kisha aamuru: "Chemsheni kwanza." Mwisho amwombe mtu aliyekaa nyuma asimame arudie alichosikia. Katibu aandike tangazo hilo kwa herufi kubwa na kulibandika ofisi ya kijiji.

Siku hizi nikishika mikisa, mtu wa kwanza ninayemtafuta ni yule aliyekaa mbali kuliko wote. Huyo ndiye ninayemfanyia kazi. Waliokaa mbele wangemsikia msemaji hata bila mashine.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Maiki ni dhaifu, iende MIC. Simu na kinanda vina nguvu, viende LINE.
2. Rekebisha GAIN kwanza. Taa ya PEAK isiwake.
3. Amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza.
4. Fanya jaribio la silabi kabla ya kila mkutano.
5. Katazo la hatari lisemwe kwa namna mbili.

MASWALI

1. Kwa nini mama wa kisimani alisikia "mnywe" badala ya "msinywe"?
2. Kipi kina nguvu zaidi, sauti ya maiki au sauti ya simu? Eleza sababu.
3. Ukikuta sauti inakwaruza, utashika kitufe kipi kwanza? Kwa nini si MAIN?
4. Kwa nini plagi yenye pini tatu isikatwe pini moja?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe mfano wa Mto Kiwira.

KAZI YA KUFANYA

(a) Andika jozi nyingine tano za maneno kama "mnywe" na "msinywe". Chagua maneno yanayotumika katika mikutano ya kijiji chenu.

(b) Gawanyikeni katika vikundi vya watu wanne. Nendeni mkaangalie mikisa iliyo karibu, labda ya kwaya au ya fundi wa muziki. Ombeni ruhusa kwanza. Chora mikisa hiyo kwenye daftari na uandike maneno yote unayoyaona.

(c) Jadilini: Ni tangazo gani katika kijiji chenu liliwahi kusikika vibaya? Lilileta hasara gani? Lingesemwaje lieleweke?

MANENO MAPYA

mikisa – chombo cha kuchanganya sauti mbalimbali
maiki – chombo cha kunasa sauti ya msemaji
laini – sauti iliyokwisha kukuzwa ndani ya chombo chake
amplifaya – chombo cha kuipa sauti nguvu ya kuendesha spika
spika – chombo cha kutolea sauti
jeki – kichwa cha chuma cha waya kinachoingia tunduni